Ndugu wa Ziwa wa Kwenye Sinema

Sifa njema ni zake Mola aliyetupa macho ya kutazamia, masikio ya kusikilizia na subira ya kungojea mwisho wa jambo kabla hatujalihukumu. Namshukuru kwa umri alionipa, kwa meno machache aliyonibakishia, na kwa kuniachia kicheko, maana wazee wenzangu wengi naona kicheko kimewatoka kabla ya meno. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu, ambaye alikuwa akifanya mzaha na masahaba zake na asiseme ndani ya mzaha ila lililo kweli.

Mimi nilikuwa mwalimu wa skuli, na tangu kustaafu nakaa Mkoani, nasomesha darsa baada ya Alfajiri na mchana napumzika. Dada yangu ana mtoto wa kiume ambaye kazi yake ni kutafsiri sinema. Anachukua sinema ya Kizungu, anakaa mbele ya kompyuta na kipaza sauti, na kila anayefungua mdomo mle ndani yeye humsemea kwa Kiswahili: wazee, watoto, wanawake, na inapobidi, farasi. Watu wa bandarini wanampenda sana. Wachukuzi wa bandarini wanasema wazi kwamba sinema isiyotafsiriwa naye ni sawa na mchuzi usio na chumvi. Mimi niliistahamilia kazi hiyo kwa kuwa ni ya halali kadiri nilivyojua, na kwa kuwa kijana anamtazama mama yake vizuri.

Akampenda binti mmoja wa Kengeja, mwalimu wa watoto wadogo. Mimi mjomba wake ndiye niliyekuwa mshenga. Nikapanda gari la abiria nikaenda kwa mama wa binti, mjane mwenye heshima zake, ambaye nitamwita Bi Mkubwa kama nilivyokuwa nikimwita mwenyewe. Tukasalimiana sana, tukaulizana hali za wazima na za waliokufa, kisha nikalitua nililolibeba.

Swali lake la kwanza lilikuwa lile la wazee wetu wote.

"Kanyonya wapi huyu kijana?"

Kwetu ziwa si mzaha. Mtoto akinyonyeshwa na mwanamke asiye mama yake, watoto wote wa mwanamke yule wamekuwa ndugu zake, na ndugu haoani na ndugu. Kengeja zilishavunjwa posa, na mara moja ndoa kabisa, kwa sababu bibi mmoja alikumbuka kwamba mwaka wa njaa alimtuliza mtoto wa jirani.

"Kwa mama yake tu, Bi Mkubwa," nikajibu. "Dada yangu alikuwa na maziwa ya kutosha, alhamdulillahi."

"Hakuwahi kuachwa kwa jirani, mama kenda kondeni?"

"Nilikuwapo. Hakuwahi."

"Haya. Na kazi yake?"

Nikasema anatafsiri sinema. Nikaanza kutafuta viatu vyangu kwa macho.

"Zile za kizamani anazo? Za magari ya farasi na nguo za kuburura?"

"Nadhani anazo."

"Basi na aje atusomee moja, sisi huku tumechoka kutazama midomo ikichezacheza. Kila alasiri, kidogo kidogo, mpaka iishe. Mwalimu, ntu akija kuposa huwa na ulimi wa asali, humjui. Lakini akisema siku nyingi, utamsikia tu. Jawabu lenu nitatoa sinema ikisha."

Ndivyo ndoa ya mpwa wangu ilivyotundikwa juu ya sinema. Sinema ikisha vyema, kapata mke. Ikisha vibaya, tunarudi Mkoani na posa yetu.

Bi Mkubwa alikuwa na televisheni kubwa aliyoletewa na mwanawe aliyeko Maskati. Wanawake wa mtaani walikusanyika nayo chumba cha ndani, na sisi tukakaa ukumbini na kompyuta yetu, katikati pana pazia, na waya mrefu umepita chini ya pazia kupeleka picha kwao. Mpwa wangu alisema upande huu, wakasikia upande ule. Mimi niliwekwa pale kwa ajili ya adabu, na kwa hivyo nikaitazama sinema yote, jambo ambalo sikuwahi kulifanya maishani mwangu.

Sinema yenyewe ilikuwa ya hadithi ndefu iliyokatwa vipande vipande, nayo ilitolewa katika kitabu cha zamani cha Waingereza. Kulikuwa na bwana mmoja mrefu mwenye mashamba, asiyecheka. Alikuwa na rafiki, mpima ardhi, mfupi, mwenye kucheka kwa niaba ya wote wawili. Na huyo mpima ardhi alikuwa na dada, msichana mzuri mwenye kupiga kinanda. Tangu alasiri ya kwanza wanawake wa Kengeja walishaamua kwamba bwana mrefu ni wa msichana yule, na kila jambo lililotokea walilielekeza huko. Bwana akimtazama msichana, anampenda. Asipomtazama, anaona haya kwa kumpenda. Akiondoka chumbani, kazidiwa.

Mkali wao alikuwa jirani wa ng'ambo ya njia, mwanamke mwenye sauti inayosikika kisiwani Makoongwe bila ya simu. Yeye alikuwa na habari zote kutoka simuni.

"Kitabuni wanaoana," alituarifu. "Wanapata pacha. Mwalimu, wewe si ulikisoma? Si wanapata pacha?"

Kweli nilikisoma, kilikuwamo kabatini katika skuli niliyosomesha. Kitabuni hakuna pacha. Kitabuni yule bwana haoi kabisa. Anakaa nyumba moja na mpima ardhi mpaka uzeeni, wanafuga bata, na mwandishi anaaga. Ujanani nilipomaliza kusoma nilidhani wanabana matumizi ya kuni, kwa baridi ile.

"Subirini," nikawajibu. "Mwenye kusubiri hakosi."

"Mnasikia? Kasema pacha wapo!"

Tukaenda hivyo kwa salama. Mpwa wangu alisema vizuri, alikohoa kwa adabu, farasi wake walikuwa wengi na wa kila tabia, na nyuma ya pazia nilisikia Bi Mkubwa akisema, "Sauti anayo." Nikahesabu kwamba harusi tunayo.

Kisha ikaja alasiri ya mvua. Mvua ya sinemani, kwetu kulikuwa jua. Bwana mrefu alikuwa kapotea safarini na watu wote wamemkatia tamaa. Kwenye sinema harusi yake na msichana ilikuwa imeshapangwa, keki imeshaagizwa. Mpima ardhi yumo bandani anafuta tandiko la farasi, mlango ukafunguliwa, akaingia bwana mrefu, karoa chapachapa. Wakatazamana. Bwana akamshika mwenzake uso kwa mikono miwili, wakagusanisha vipaji vya nyuso. Kisha kikafuata kile ambacho mume humfanyia mkewe akirudi safari, na mimi nikainamisha macho nikautazama mkeka. Ulikuwa mkeka mzuri, wa ukili wa rangi mbili.

Mpwa wangu alikuwa kimya. Hata farasi hakusema.

"Mbona husemi weye?" Jirani akapiga kelele. "Sauti imekatika?"

Nikamwona mpwa wangu jasho linamchuruzika. Akakishika kipaza sauti kama mtu anayeshika kamba kisimani.

"Ee... anasema... Ndugu yangu! Ndugu yangu wa ziwa! Ziwa moja limetulea, na leo nakuona tena kwa macho yangu!" Na kwa kuwa kumbatio liliendelea, naye akaendelea. "Mama yangu alikufa uzazini, akanichukua mama yako, akaninyonyesha pamoja na wewe! Nitakulipa nini?"

"Maskiiini!" wakasema wanawake. Mmoja akalia. Mwengine akamtakia rehema yule mama mnyonyeshaji. Mpwa wangu akajifuta uso, akanitazama, akatabasamu. Mimi sikutabasamu, kwa sababu mimi ni mwalimu wa fikhi na nilishaona tunakokwenda.

"Simamisha," ilikuja sauti ya Bi Mkubwa.

Akasimamisha. Wale wawili wakabaki wamegandana kwenye skrini, hali ambayo haikutusaidia.

"Mama aliyemnyonyesha huyu mrefu, ndiye mama wa mpima ardhi?"

"Ndiye, Bi Mkubwa."

"Na ndiye mama wa yule msichana wa kinanda?"

Mpwa wangu akafungua mdomo. Nikaona jambo lenyewe linamfikia, pole pole, kama maji yanayoingia chomboni.

"N... ndiye."

"Basi si dada yake?"

Sijui kama nitaweza kuieleza kelele iliyofuata. "Astaghfirullah! Wanamuoza kwa kaka yake!" "Na keki imeshaagizwa!" "Hakuna mzee mle ndani? Hakuna hata bibi mmoja anayekumbuka?" "Wenzetu ziwa kwao si kitu." "Ziwa ni ziwa, hata Ulaya!" Mmoja akauliza kwa uchungu wa kweli, "Sasa nani atawaambia?" na wakanyamaza wote, wakilitafakari hilo, kama kwamba mtu angeweza kutumwa.

"Mwalimu!" Jirani akaniita. "Toa hukumu!"

Nikasema lililomo vitabuni: kwamba katika madhehebu yetu kunyonya kunakoharimisha ni mara tano kamili, kabla mtoto hajatimiza miaka miwili. Sikukusudia kumfungulia mtu mlango. Lakini mpwa wangu akaupita mbio.

"Alinyonya mara tatu tu!"

"Ulijuaje?" akauliza Bi Mkubwa.

"Kasema. Kwa Kiingereza. Hapa alipomkumbatia."

"Ntu anarudi safari, katika mvua, kwanza anamhesabia mwenzake manyonyo?"

"Ndiyo desturi yao, Bi Mkubwa."

"Haya. Kama ni mara tatu, si ndugu. Kama si ndugu, kumbatio lile la nini?"

Mpwa wangu akasema kompyuta imepata moto, inahitaji kupumzika. Wanawake wakatoka wakibishana mpaka njiani, nusu wanataka harusi ivunjwe, nusu wanataka akaletwe kadhi, na nikamsikia Jirani akimsimulia mpita njia ambaye hakuuliza.

Tulipobaki wawili nikamwambia kwa sauti ya chini, "Ungegeuza, mwanangu. Mfupi ndiye angenyonya kwa mama wa mrefu. Hapo udugu ni wao wawili tu, na dada angeoleka."

"Mjomba! Mbona hukuniambia mapema?"

"Hukuniambia kama unakwenda kusema uongo."

Akanishika mkono. "Mjomba, akikuuliza sema ni kweli. Neno moja tu. Nikimkosa huyu binti mimi simpati mwengine kama yeye. Ningeyasemaje yale mbele ya mama mkwe?"

Nilimwonea huruma kwelikweli. Nilimbeba huyu akiwa hajui kushika shingo. Na hukumu ya dini juu ya wanaume wawili kuwa kama mke na mume inajulikana, wala sikwenda Kengeja kuibadilisha. Lakini hukumu ya uongo nayo inajulikana, na uongo ndio uliokuwa ukitendeka ndani ya ukumbi niliokaa mimi. Wale wawili walikuwa mbali, katika kitabu cha mtu aliyekufa zamani. Sisi tulikuwa hapa, na tumekuja kumtaka mtoto wa watu.

Pazia likatikisika. Bi Mkubwa alikuwa amekaa upande wake, karibu.

"Mwalimu. Mimi n'na macho, ila Kiingereza sina. Nakuuliza wewe mshenga. Kijana wako kasema kweli?"

Mpwa wangu akafumba macho.

"Hapana, Bi Mkubwa," nikasema. "Wale si ndugu wa ziwa. Ni wanaume wawili wanaopendana kama wapendanavyo mume na mke. Mwandishi wa kitabu alilifunika, hawa wa sinema wamelifunua. Mpwa wangu aliona haya kulitamka mbele ya mama mkwe."

"Mama mkwe nani?"

"Mbele yako, Bi Mkubwa."

Nje kuku alipita akisema yake. Nilitaraji kuambiwa tuchukue waya wetu.

"Na yule ntoto wa kike," akasema mwisho, "anajua?"

"Bado."

"Atajua lini? Kabla ya ndoa au baada?"

"Kitabuni hamna ndoa. Sinemani sijui, hawa wamejiongezea mambo yao."

"Basi kesho tutaona. Na huyu wako kesho aseme neno kwa neno. Akipunguza nitajua, akizidisha nitajua. Binti yangu kasoma, atakuwa ubavuni mwangu kama siku zote."

Kumbe binti alikuwa akikaa mle ndani siku zote. Mpwa wangu alipolisikia hilo alizidi kusinyaa.

Kesho yake ndiyo ilikuwa alasiri ya mwisho, na wanawake walikuja wengi kuliko siku zote. Harusi ilikuwa na shaka lakini walivaa kanga mpya, wakatia udi, na Jirani akaleta sahani ya visheti. Nilimsikia akieleza: "Ikivunjika tutakula, isipovunjika tutakula."

Mpwa wangu akaanza. Hakutia farasi hata mmoja. Asubuhi ya harusi, bwana mrefu alimwendea msichana bustanini, akavua kofia. Na mpwa wangu akasema, sauti imemkauka, neno kwa neno kama lilivyokuwa: "Nakuheshimu, na kwa hivyo siwezi kukudanganya. Moyo wangu uko kwa kaka yako, na umekuwa huko tangu ujana wetu. Nikikuoa nitakuwa nimekudhulumu. Nisamehe." Msichana akalia, kisha akampa mkono. Kisha zikaonyeshwa meza za harusi zimejaa vyakula na hakuna mtu.

Nikasema moyoni, sasa yatatimka.

"Na chakula chote kile?" akasema Jirani.

Hapo ndipo yalipotimka. "Ng'ombe mzima aliyeokwa!" "Gauni je? Lilishonwa kwa mkono!" "Wangemwambia kabla ya kuchinja!" Kisha wakawarukia watengenezaji wa sinema. "Wameharibu! Kitabuni haikuwa hivi!" "Wanajitungia tu hawa!" "Mwalimu, sema, kitabuni vipi?"

Nikawaambia kitabuni vipi. Kwamba haoi, kwamba wanazeeka nyumba moja, na bata.

"Na pacha?"

"Hamna pacha. Bata tu."

"Basi ndiyo hayo hayo," akasema mwanamke mmoja polepole. "Ila kule walifumba."

"Haramu ile," akasema mwengine.

"Haramu, sikatai," ikajibu sauti ya mwanamke wa makamo ambayo sikuwahi kuisikia siku zote zile. "Lakini kamwambia kweli kabla ya ndoa. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa halali tupu, na hakuniambia kama ana mke Wete."

Wakacheka mpaka televisheni ikatikisika. Jirani peke yake hakuridhika. Akasogea karibu na pazia.

"Kijana, mimi sikubali. Tafsiri ya jana ilikuwa nzuri zaidi. Tuwekee ile ya ziwa, lakini geuza: mfupi ndiye kanyonya kwa mama wa mrefu. Hapo dada anaoleka, na harusi ipo, na chakula kinaliwa."

Nikastaajabu. Kumbe alikwenda nyumbani akaifikiri mpaka akaipata. Nimesomesha wanaume wengi fikhi ambao wasingeipata.

"Haiwezekani, Bi," akajibu mpwa wangu. "Hawakusema hivyo."

"Jana walisema?"

"Hawakusema. Jana niliongopa."

Akalisema kwenye kipaza sauti, alisahau kukizima, na kwa hivyo nadhani Kengeja nzima ilisikia. Bi Mkubwa akaja mpaka kwenye pazia.

"Kijana."

"Labeka, Bi Mkubwa."

"Jana umesema uongo kwa haya. Leo umesema kweli kwa hofu. Mimi nataka ntu atakayemwambia mwanangu kweli nikiwa sipo kusikiliza. Yule mrefu wa sinemani, na dhambi zake, hilo kaliweza. Wewe utaliweza?"

"Inshaallah."

"Usinipe inshaallah ya kukimbilia."

Akafikiri. "Nitaliweza, Bi Mkubwa. Kwa uwezo wa Mungu. Na likinishinda nitakuja kwako mwenyewe nikuambie limenishinda."

"Mwalimu, nina lako," akasema. "Mimi upande wangu nimeridhia, kwa kuwa ulipoulizwa hukumfunika mtoto wa dada yako. Amebaki mwenyewe mwenye kuolewa. Tumsikilize."

Dini yetu inasema mwari hushauriwa, na idhini yake ni kunyamaza kwake. Basi tukangoja kimya cha binti. Mpwa wangu alikuwa kainama, na mimi midomo yangu inamsabihi Mungu. Kimya kikaanza vizuri, nikaanza kushukuru. Kisha binti akazungumza.

"Mama, mwambie Mwalimu nimekubali. Lakini nyumbani kwetu sinema tutatazama wakisema wenyewe. Yeye anyamaze."

Vigelegele vikapigwa mpaka sikusikia tena kitu. Mpwa wangu akafungua mdomo, kisha akaufunga.

"Umeanza vyema," nikamwambia.

Nawe uliyekaa nami mpaka hapa, Mola akukinge na haya inayozaa uongo, akupe kweli isiyobomoa nyumba ya mtu, akujaalie majirani wenye kelele na kheri ndani yake, na awarehemu wazazi wako waliokunyonyesha na waliokulea. Amin.